Kabla Hujalizwa kwa Sarafu Yenye Kasoro

Dhahabu ya Chunya ina bei. Tangu soko la madini lifunguliwe wilayani mwaka 2019, mchimbaji anayetoka Makongolosi au Matundasi na gramu zake anakuta mizani, kipimo cha usafi na bei ya siku inayofuata soko la dunia. Anaweza kubishana na mnunuzi juu ya usafi wa mzigo wake, lakini hakuna atakayemwaminisha kwamba gramu moja inanunua trekta. Sarafu ya zamani haina soko la namna hiyo. Haina bei elekezi, haina ofisi inayotangaza thamani yake asubuhi, na kwa sababu hiyo mtu yeyote mwenye simu anaweza kupiga picha shilingi iliyochubuka, akaandika "adimu sana, ina kasoro ya kiwandani, milioni 30, mwenye nia ya kweli anipigie", na tangazo likakaa mtandaoni mwaka mzima likisomwa na watu wanaoamini.

Mwongozo huu ni wa watu wawili: anayetaka kununua sarafu ya namna hiyo akitumaini kuiuza kwa faida, na aliyekuta kopo la marehemu babu lenye hela za kizamani akadhani umaskini umekwisha. Nitasema wazi kwamba huyu wa pili ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Mnunuzi hupoteza alichokuwa nacho mfukoni siku hiyo. Mwenye kopo anaweza kukopa na kuuza mifugo ili alipie "ada" za mauzo ambayo hayatafanyika kamwe.

Anza na bei. Namba iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji tu. Bei ya sarafu ni kile ambacho mtu mwingine amekwisha kulipa kwa sarafu ya aina hiyo, ya mwaka huo, katika hali hiyo. Kwenye eBay, mnada mkubwa kuliko yote wa mtandaoni unaotumiwa na wakusanyaji, fungua sehemu ya kuchuja matokeo, kisha weka alama penye maneno Sold Items. Matangazo yenye tarakimu za kutisha yatatoweka, zitabaki zilizouzwa. Usitazame moja ukaridhika. Tazama kumi au zaidi, maana mara nyingine mnunuzi hushinda mnada kisha halipi, na mara nyingine mwenye mali hupandishiwa bei na rafiki yake. Tovuti ya Numista itakusaidia kuitambua sarafu yako kwa picha, uzito na kipenyo, na kuisoma ni bure. Kwa vitu vya thamani kubwa, nyumba za mnada kama Künker ya Ujerumani na Heritage ya Marekani huonyesha bei zilizofikiwa katika minada yao iliyopita. Facebook na makundi ya WhatsApp hayakuonyeshi kitu kilichouzwa kwa kiasi gani, kwa hiyo usiyatumie kabisa kama kipimo cha bei.

Uvumi huu wa sarafu zenye kasoro haukuanzia kwetu. Uingereza sarafu za peni 2 zilichapwa kuanzia 1971 zikiwa na maneno "New Pence", na mwaka 1982 maneno yakabadilishwa kuwa "Two Pence". Mwaka 1983 baadhi ya sarafu zilizowekwa kwenye seti za kumbukumbu zilichapwa kwa muhuri wa zamani kimakosa. Hizo za 1983 zina thamani ya kweli. Lakini habari ilipoenea, watu wakaanza kutangaza peni 2 za 1971, 1975, 1980, zenye maneno yaleyale "New Pence" ambayo yalistahili kuwapo miaka hiyo, kwa maelfu ya pauni. Zipo kwa mamilioni na bado ni peni 2. Mbinu hiyohiyo inatumika kwetu: kuna kasoro moja ya kweli mahali fulani, kisha jina lake linabandikwa kwenye sarafu elfu ambazo hazina kasoro yoyote.

Sasa tuje kwenye kasoro yenyewe. Sarafu huanza kama kipande cha duara kisicho na maandishi. Kinawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kinabanwa kwa nguvu kubwa, na ukingo wake unazuiwa na pete ili kisitanuke. Kasoro yenye thamani ni ile iliyotokea hapo, ndani ya kiwanda: kipande kilikaa pembeni ya muhuri, picha ikachapwa nusu na upande mmoja ukabaki mweupe, kipande kilipigwa mara mbili, kipande cha sarafu nyingine kiliingia kwenye mashine isiyo yake, muhuri wa mbele uliunganishwa na wa nyuma usio wake. Lolote lililoipata sarafu baada ya kutoka kiwandani ni uharibifu, na uharibifu hupunguza thamani. Nyundo, moto wa jiko, tairi la lori, asidi, msasa, meno ya koleo: vyote hivyo huzaa sarafu ya ajabu isiyo na soko.

Kuzitofautisha kunahitaji kioo cha kukuzia, hata kile cha sonara. Tazama sehemu iliyoinuka, kama nywele au herufi. Kasoro ya kiwandani huacha chuma laini na kinachoendelea. Mikwaruzo ya baadaye hukata juu ya picha na kuacha kingo kali. Sarafu iliyochapwa pembeni kweli huwa na sehemu tupu isiyo na ukingo wa kawaida, na mara nyingi haiwi duara kamili. Sarafu iliyosagwa upande mmoja ili ionekane tupu huwa nyepesi kuliko wenzake. Kwa hiyo tafuta sarafu ya kawaida ya mwaka uleule, uzipime zote mbili kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Chunya mizani hiyo haiko mbali, kila mnunuzi wa dhahabu anayo.

Kuna mambo mawili yanayotangazwa kama kasoro kila siku na wala si kasoro. La kwanza ni upande wa nyuma kutazama chini unapoigeuza sarafu. Nchi nyingine, Marekani ikiwamo, huchapa sarafu zao hivyo kwa makusudi. La pili ni sarafu "isiyo na picha ya mfalme". Senti 5 na senti 10 zenye tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hazikuwa na picha ya mfalme kwa sababu tundu limekaa pale ambapo kichwa kingekaa; zilikuwa na jina lake tu. Za mwaka 1936 zipo zenye jina la Edward VIII, aliyeacha ufalme mwezi Desemba mwaka huohuo kabla picha yake haijawekwa kwenye sarafu za kawaida za Uingereza. Ndiyo sababu wauzaji huziita adimu. Jina ni la kihistoria kweli, lakini sarafu zenyewe zilichapwa kwa wingi na wakusanyaji huzinunua kwa dola chache. Vivyo hivyo zile za 1964 zisizo na jina la malkia: nchi zetu zilikuwa zimepata uhuru, jina likaondolewa kwa makusudi.

Kasoro ya tundu ndiyo ya kutazamwa kwa makini, kwa sababu ya kweli ipo. Mara chache senti hizo zilitoka kiwandani bila tundu, au tundu likiwa limetoboka pembeni. Lakini tundu linaweza kuzibwa kwa risasi au kutobolewa upya na fundi yeyote. Tazama kingo za tundu kwa kioo: la kiwandani lina mdomo safi na pande zote zinafanana, la keekee lina mistari ya mzunguko na ncha zilizotokeza. Lililozibwa huonyesha rangi tofauti katikati ukiielekeza sarafu kwenye jua.

Unaweza kupunguza nusu ya udanganyifu kwa kujua tu kipi kinaweza kupatikana wapi. Chunya ilikua kwa dhahabu ya bonde la Lupa, iliyogunduliwa miaka ya 1920 na kuleta msongamano mkubwa wa watu miaka ya 1930. Wakati huo Mjerumani alikuwa amekwisha kuondoka na shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa inatumika tangu 1921. Kwa hiyo atakayeokota hela kwenye kambi ya zamani ya wachimbaji ana uwezekano mkubwa wa kuokota shilingi yenye simba mbele ya milima, au senti yenye tundu. Shilingi hizo za 1921 hadi 1946 zina uzito wa gramu 7.78 na fedha robo tu, yaani kama gramu 1.94 za fedha halisi. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Rupia za Mjerumani zina makao yao zaidi penye maboma ya utawala wake: Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, na Iringa, ambako boma lilijengwa baada ya vita na Mkwawa. Hazishindwi kusafiri mpaka Chunya, lakini anayedai amechimba sanduku zima la rupia Lupa anastahili maswali mengi.

Rupia yenyewe ijue vizuri, maana ndiyo inayotangazwa kuliko zote. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuzichapa mwaka 1890, zikiwa na Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia yenye tai. Nyuma kuna simba na mnazi. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na uchapaji wa rupia za fedha ukakoma 1914. Rupia ya fedha ya mwaka 1885 au 1916 haikuwahi kuwapo, na anayekuuzia mwaka huo anakuuzia bandia. Uzito halali ni gramu 11.66, na fedha ni sehemu 917 katika 1,000, yaani gramu 10.69 za fedha safi. Hapo una sakafu ya bei: tafuta bei ya wakia moja ya fedha siku hiyo, izidishe kwa 0.34. Rupia ya kawaida iliyochakaa huuzwa juu kidogo ya hapo au mara kadhaa yake ikiwa safi. Rupia za India za Malkia Victoria zina uzito na fedha ileile, zilizunguka pwani na bara pia, na wengi huziuza kwa jina la Mjerumani.

Jaribio la maji linafanyika hata jikoni. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba. Kisha gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Rupia halali itasoma kama 1.13 majini, na jibu la kugawanya ni kama 10.3. Ikiwa imechakaa uzito utapungua kidogo, lakini jibu hubaki palepale. Bandia za shaba nyeupe au shaba ya njano hutoa jibu kati ya 8.3 na 9. Za risasi huzidi 11. Sumaku nayo inasaidia, kwa kuwa fedha hainaswi. Lakini usiitumie kuhukumu sarafu za Benki Kuu za miaka ya karibuni, nyingi zina chuma ndani na hunaswa zikiwa halali kabisa.

Halafu kuna Tabora 1916, na hapa nataka uwe mtulivu zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walikuwa wamezingirwa na meli za Waingereza, sarafu kutoka Berlin na Hamburg haziji, wakaamua kuchapa zao kwenye karakana ya reli mjini Tabora. Heller 5 na heller 20 zilichapwa kwa shaba na shaba ya njano, zikiwa na taji, mwaka, herufi D.O.A. na T ndogo ya Tabora. Mashine hazikuwa za kazi hiyo na mihuri ilichongwa papo hapo. Matokeo yake ni kwamba karibu kila heller 20 ya Tabora imekaa upande, ina mpasuko wa ukingoni, au maandishi yamefifia. Hayo ndiyo maumbile yake. Tangazo linaloita moja kati ya hizo "kasoro ya pekee duniani" linauza hali ya kawaida kwa bei ya muujiza. Wakusanyaji huzitenganisha kwa muhuri uliotumika, na kuna michanganyiko inayolipiwa zaidi, lakini heller 20 ya kawaida iliyochakaa ni kitu cha makumi machache ya dola.

Ya mamilioni kweli ipo hapohapo Tabora: rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilichapwa 16,198 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida, kabla Wabelgiji hawajaingia mjini Septemba 1916. Ina uzito wa gramu 7.168 na dhahabu ya karati 18, yaani gramu 5.38 za dhahabu safi. Mtu wa Chunya hahitaji mwalimu wa kupiga hesabu hiyo. Wakusanyaji hulipa maelfu ya dola, mbali sana na bei ya dhahabu iliyomo, na kwa sababu hiyo bandia zake zimejaa. Usikubali isuguliwe kwenye jiwe la kupimia wala kutiwa asidi. Ipimwe kwa mashine isiyoacha alama. Ukinunua ile iliyofungwa kwenye kasha la kampuni ya kuhakiki sarafu, NGC au PCGS, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni hiyo na ulinganishe picha, maana hata makasha yanaigwa.

Sarafu za Jamhuri zitachukua mistari michache tu. Shilingi ya 1966 yenye Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili, senti 50 yenye sungura, shilingi 100 ya Mwalimu, 200 ya Karume: hakuna hata moja yenye fedha wala dhahabu, na zipo kwa mamilioni. Benki Kuu ikizipokea hulipa kilichoandikwa juu yake, haiwalipi watu bei ya ukusanyaji. Mojawapo iliyo na dhahabu kweli ni shilingi 1,500 ya mwaka 1974 yenye duma, iliyochapwa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyama. Ina gramu 33.4, na haikuwahi kutumika dukani.

Ikiwa wewe ndiye mwenye kopo, jambo la kwanza ni kuacha kusafisha. Ndimu, majivu, dawa ya meno na steelwire huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na mkusanyaji huliona hilo mara moja na kukata bei. Zebaki ni mbaya zaidi, na naisema kwa sababu Chunya ipo kwenye chupa nyumbani kwa watu. Ukiipaka heller ya shaba itang'aa kama fedha kwa muda, na wapo wanaofanya hivyo ili waiuze kama rupia. Mvuke wake unaingia kifuani mwa watoto wanaolala chumba hicho. Anayekuambia kwamba ndani ya rupia mna zebaki nyekundu au nguvu fulani, ujue ndani yake mna fedha na shaba tu, kutoka upande hadi upande.

La pili ni kumtambua mnunuzi. Mnunuzi wa kweli huomba picha za pande zote mbili na ukingo, huuliza uzito, kisha hutaja bei ambayo pengine itakukatisha tamaa. Tapeli hukubali bei yako ya milioni 80 bila kuuliza chochote, huku akikuita bosi, kisha anahitaji kitu kidogo kutoka kwako: ada ya cheti, ada ya forodha, nauli ya mtaalamu anayetoka Dar es Salaam, "amana ya uaminifu". Muuzaji halipi ili auze. Ukiombwa hela na mtu anayedai anakuja kukupa hela, kata mazungumzo hapo. Ukitumiwa ujumbe kwamba malipo yameingia, usiusadiki ujumbe. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya simu uangalie salio.

Na ikiwa wewe ni mnunuzi, mwandikie muuzaji hivi: "Habari za leo kaka. Naomba picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, mbele, nyuma na ukingo, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo." Mwenye mali atakutumia ndani ya nusu saa. Aliyechukua picha mtandaoni ataanza kukasirika. Msikutane gizani wala nyumba ya wageni. Kutaneni mchana penye watu, na uende na mizani, kikombe na uzi.

Kuhusu kuchimba: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa anayefukua kutafuta vitu vya kale, na leseni yako ya uchimbaji mdogo wa dhahabu haikupi kibali hicho. Ukikuta sarafu nyingi pamoja, hasa zikiwa na chungu au mifupa, ziache zilivyokaa, piga picha, na utoe taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya. Zikishahamishwa, mtaalamu hawezi tena kusema zilizikwa lini na nani.

Ukiwa umekwisha kutuma pesa, usione aibu ukakaa kimya. Pigia mtandao wako wa simu mara moja uombe muamala uzuiwe, maana kila dakika inampa tapeli nafasi ya kuzitoa kwa wakala. Peleka namba yake 15040, inayopokea taarifa za ujumbe wa kitapeli. Kisha nenda polisi na simu yenyewe, mazungumzo yote yakiwa hayajafutwa, picha ya tangazo, na ujumbe wa muamala unaoonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba uliyotumia.